Mama Anauguza, Sisi Je? Mwongozo Kamili wa Kuishirikisha Familia Katika Wodi ya Watoto

Ukiingia wodi ya watoto saa nane usiku, angalia ni nani yuko macho. Nesi wa zamu yuko upande wa mahututi, anatafuta mshipa kwa mtoto aliyeletwa sasa hivi. Daktari ameitwa wodi nyingine. Vitanda vyote vilivyobaki vinalindwa na kina mama: mmoja anakamua maziwa kwenye kikombe, mwingine anapepea na kanga, wa tatu ameushika mkono wa mwanawe ili kanula, kile kimpira cha mshipani, isichomoke, macho yake kwenye chupa ya dripu.

Kazi hiyo ina jina. "Wiki nzima sikuonekana, nilikuwa nauguza." Kuuguza ni kumhudumia mgonjwa wako, na hata muuguzi wa kuajiriwa amepata jina lake kutoka kwenye kazi hiyohiyo. Ndiyo maana kwetu suala la kuishirikisha familia halianzii pale lilipoanzia kwa wenzetu. Uingereza, hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi zilimruhusu mzazi kumwona mwanawe saa chache tu kwa wiki. Ilibidi mtafiti James Robertson aonyeshe kwa filamu, mwaka 1952, jinsi mtoto wa miaka miwili anavyonyong'onyea akiachwa peke yake wodini, na mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila mipaka ya saa. Huku kwetu mama hajawahi kutoka wodini. Shida yetu ni kwamba kwenye kazi tumemfanya kibarua na kwenye maelezo tumemfanya mgeni. Kanunue, kamwage, kaoshe, peleka sampuli maabara. Raundi ya madaktari ikifika, "mama, tupishe kidogo".

Haya yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya manesi, madaktari na wasimamizi wa wodi za watoto katika hospitali za wilaya na mikoa za Tanzania, ingawa sidhani wodi ya Kenya au Burundi itayaona mageni. Mzazi akiyasoma, atajua nini cha kudai.

Hatua ya 1: Mapokezi, kabla hujauliza kadi

Mtoto akija na dalili za hatari, mikono iende kwa mtoto kwanza. Hilo halina mjadala. Lakini mtu mmoja kwenye timu, hata akiwa mhudumu wa wodi asiye nesi wala daktari, apewe kazi ya kusimama na mzazi: amwonyeshe pa kusimama ambapo anamwona mtoto na mtoto anaweza kumsikia, na amwambie kwa sentensi fupi kinachofanyika. "Tunamwekea hewa ya oksijeni. Sasa tunatafuta mshipa." Mzazi aliyesukumwa nje ya mlango husikia vilio tu, na hicho ndicho atakachokisimulia kijijini.

Mtoto akitulia, kaa. Narudia: kaa, vuta kiti, usiulize ukiwa umesimama na kalamu mdomoni. Swali la kwanza lisiwe "ameanza kuumwa lini?" Anza na hili: "Mama, ni kitu gani kwake kimekutia hofu zaidi?" Jibu lake mara nyingi lina thamani kuliko nusu ya fomu. "Amekataa kucheka." "Analia sauti si yake." Liandike kwenye faili kwa maneno yake yaleyale, kwa Kiswahili. Ukilitafsiri kuwa istilahi ya kitabibu utakuwa umeshapoteza nusu yake.

Kisha uliza alichokwisha kupewa. Hapa ndipo tunapoharibu. Mzazi akikaripiwa mara moja kwa sababu ya dawa ya kienyeji, hatasema ukweli tena hadi siku ya kuruhusiwa. Degedege, kwa mfano, watu wengi pwani na bara wamelifahamu kwa karne nyingi kama jambo la shetani au upepo mbaya, na bibi aliyemfukiza mtoto alifanya alichorithi ili kumwokoa. Uliza kama unavyouliza habari ya chakula: "Watu wengi hujaribu dawa ya nyumbani au ya duka kabla ya kuja. Nyie mlimpa nini, na lini?" Akijibu, mshukuru. Mengine mtazungumza kesho, bibi mwenyewe akiwepo, baada ya shikamoo.

Hatua ya 2: Jua familia ni nani hasa

Aliyembeba mtoto si lazima awe ndiye mwenye uamuzi, na mwenye uamuzi si lazima awe ndiye atakayelala hapa. Kwenye ukurasa wa mbele wa faili andika majibu ya maswali manne: Nani atakaa na mtoto usiku na mchana? Nani huulizwa kabla ya uamuzi mkubwa, na namba yake ya simu ni ipi? Nani amebaki na watoto wengine nyumbani? Nani anatafuta pesa?

Swali la tatu watu hulidharau. Mama anayeomba kuondoka siku ya pili, tunayemwandika "amegoma matibabu", mara nyingi ameacha mtoto wa miaka mitatu kwa jirani na simu imeisha chaji. Ukilijua mapema utampigia shangazi mtu pamoja naye, au utamsaidia kupanga zamu na dada yake. Ukilijua siku ya kutoroka, umechelewa.

Kuhusu baba. Tunalalamika kwamba akina baba hawajali, halafu tunawazuia getini kwa sababu saa ya kuona wagonjwa imepita. Mpe baba, au bibi anayepokezana na mama, kitambulisho cha mlezi kinachomruhusu kuingia saa yoyote, mmoja kwa wakati. Kadi ya boksi yenye mhuri wa wodi inatosha. Baba akiingia, usimwache amesimama ukutani kama shahidi wa harusi: mpe mtoto ambebe, mwonyeshe kikombe cha maziwa, ongea naye pia kuhusu dawa.

Hatua ya 3: Tembea naye wodini

Inachukua dakika tano. Pa kunawia mikono na lini anawe. Choo. Pa kupashia chakula. Pa kulala. Meza ya manesi, na nani yuko zamu usiku. Mwambie hapa huduma ipi ni bure na ipi italipiwa, kadiri unavyojua wewe, na nani wa kumwona kama pesa haitoshi. Afisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili hiyo, lakini wazazi wengi humsikia siku bili imeshawashinda.

Na mwite kwa jina. "Mama Fulani", kwa jina la mwanawe, si "wewe mama wa kitanda cha saba".

Hatua ya 4: Kugawana kazi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watoto huumia.

Kanuni yangu ni hii: kazi ambayo hujamfundisha mzazi, ukamwona akiifanya kwa mikono yake, bado ni yako. Kushirikisha si kumtupia mzigo kwa sababu nesi ni wachache. Chora mafungu matatu kwenye karatasi kubwa, uyabandike ukutani kwa maneno na kwa picha.

Fungu la kwanza ni yale ambayo mzazi anayafanya mwenyewe: kunyonyesha, kulisha kwa kikombe na kijiko, kumwosha, kumgeuza, kumbeba, kucheza naye, na kuweka alama kila anapoharisha, kutapika au kukojoa. Usidai ajue kusoma. Mchoree safu ya jua na safu ya mwezi. Kila choo, mstari mmoja. Nimeona bibi asiyejua herufi akitunza chati ya kuharisha sahihi kuliko yetu.

Fungu la pili ni yale anayoyafanya baada ya kufundishwa na huku akiangaliwa: kunywesha dawa ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupima joto, kuhesabu pumzi, na kupitisha maziwa kwenye mpira wa kulishia wa puani. La mwisho hili lina masharti. Nesi ndiye anayeuweka mpira na ndiye anayehakikisha kabla ya mlo kwamba bado uko tumboni. Mama anamimina, hasukumi, maziwa yashuke yenyewe. Mtoto akikohoa au kubadilika rangi, anaubana mpira mara moja ili maziwa yasishuke, na anaita.

Fungu la tatu asiguse: kidhibiti cha dripu, geji ya oksijeni, dawa ya mshipani. Na usimwambie "usiguse" tu. Mwambie kwa nini. Wazazi wengi hufungulia dripu iende kasi kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba chupa ikiisha mapema mtoto atapona mapema. Mweleze kwamba maji mengi kwa haraka humwelemea mtoto moyo na mapafu, na kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kufa kwayo. Kisha mpe kazi halisi ya kulinda dripu: bandika utepe wa plasta ubavuni mwa chupa, uandike saa kwenye mistari. "Saa nne usiku maji yafike hapa. Yakifika kabla, au yasiposhuka, niite." Sasa ana kazi inayoeleweka, nawe umepata jicho la pili bila kumpa mkono wa pili.

Oksijeni ina somo lake. Katika wodi nyingi wazazi wanaamini kwamba oksijeni inaua, kwa sababu wamewaona waliowekewa wakifa. Ukimvalisha mtoto mpira wa puani bila neno, mama ataanza kulia msiba, au ataung'oa ukigeuka. Mwambie kabla: "Tunampa kwa sababu mapafu yamechoka, ugonjwa ndio unaomzidi, hewa hii inamsaidia apumzike." Mwonyeshe kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, na namba yake: ikishuka chini ya 90 na kubaki hapo, aite. Mwambie pia kwamba moto, mshumaa na jiko havisogei karibu na hewa hiyo.

Chakula, hasa kwa mtoto mwenye utapiamlo

Mtoto wa utapiamlo mkali huanza na F-75, maziwa maalumu ya tiba, kiasi kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Usiku ndipo mambo yanapokwama. Kama hukumweleza mama sababu, ataona unamwamshia mtoto aliyelala kwa ajili ya vijiko vinane, na mlo wa saa tisa usiku utaandikwa kwenye chati bila kunyweshwa. Mweleze: mwili uliodhoofika hauna akiba, sukari na joto hushuka usiku, na mtoto anaweza kukutwa amepoa asubuhi. Wapange kina mama wawili wa vitanda jirani waamshane. Inafaa kuliko kengele.

Katika fungu hilohilo la chakula ingiza mchezo. Mtoto huyu anahitaji kuchangamshwa kila siku kama anavyohitaji maziwa. Dakika 15 hadi 30 za kucheza kwa mpango ni sehemu ya matibabu yake. Chupa tupu yenye mahindi machache ndani, iliyofungwa vizuri, ni njuga. Vifuniko vya soda vya kupanga vinafaa kwa mkubwa asiyeviweka tena mdomoni.

Njiti: kifua cha mama ni mashine

Huduma ya kangaroo, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walipokosa vitanda vya joto vya kutosha. Kwa miaka mingi tuliifundisha kama huduma ya mtoto aliyekwisha kutulia. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8, ulionyesha kwamba wakianza ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa takribani 12 kwa kila watoto 100, dhidi ya karibu 16 kwa waliosubirishwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hivyo: mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe, aliye katika mshtuko (damu haizunguki vya kutosha mwilini) au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Maana yake kwa wodi ni kwamba mama naye lazima awe na kitanda mlemle. Mwanamke aliyepasuliwa juzi hawezi kubeba mtoto kifuani saa 20 akiwa amekaa kwenye benchi. Na hapa baba, bibi na mama mdogo wana kifua pia. Mama akienda kuoga au kulala kidogo, mmoja wao anafungwa kitenge. Wengine wataona haya. Weka pazia, watazoea.

Hatua ya 5: Acha kuuliza "umeelewa?"

Jibu la "umeelewa?" ni "ndiyo, dokta". Daima. Hata aliyesikia Kilatini kitupu atasema ndiyo, kwa heshima na kwa kutaka uondoke salama.

Uliza hivi: "Jioni baba yake akipiga simu akuulize mtoto ana nini, utamwambiaje?" Halafu nyamaza. Utakachosikia ndicho alichoelewa. Akikosea, kosa ni la maelezo yako. Mwambie hivyo, na ueleze upya kwa njia nyingine. Kwa dawa, asikueleze: akuonyeshe. Bomba, chupa, avute mililita 5 mbele yako. Kijiko cha nyumbani ni tatizo kubwa, maana cha chai na cha mezani vyote huitwa kijiko.

Kwenye raundi, mpe mama dakika ya kwanza. Kabla ya daktari kusomewa faili, aulizwe: "Mama Fulani, usiku ulikuwaje?" Ndiye pekee aliyekuwepo usiku mzima. Kisha timu ijadiliane, na kabla ya kuhamia kitanda kingine mtu mmoja amwambie kwa Kiswahili cha kawaida mambo matatu: tumeona nini, leo tunafanya nini, tunasubiri kuona nini. Wapo madaktari watakaosema hakuna muda. Mimi nasema muda huohuo unalipwa baadaye kwenye korido, kwa riba, kila mzazi akimvuta koti nesi anayepita.

Mambo mawili yanahitaji maelezo marefu kabla ya kuomba saini. La kwanza ni kuchukua maji ya uti wa mgongo. Wazazi wameambiwa kwamba mtoto atapooza au atakufa, na kukataa ni kwingi. Chora mgongo, uonyeshe kwamba sindano inaingia chini, mahali ambapo uti wenyewe umeshakoma na kubaki nyuzi zinazoelea kwenye maji. Sema kwa nini majibu yake yanabadilisha dawa. Ruhusu ampigie simu yule mwenye uamuzi, aliyeandikwa ukurasa wa mbele, ila usisubirishe dawa ya kwanza kwa ajili ya simu. La pili ni damu. Damu ya hospitali haiuzwi. Ndugu wakiombwa kuchangia, waelezwe kwamba wanajaza benki inayomsaidia kila mgonjwa, na mtoto aliye hatarini asisubiri mjomba afike.

Mtoto mkubwa naye yumo. Wa miaka tisa mwenye selimundu anajua mshipa wake upi unakubali. Muulize. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni kuhusu mambo yanayomhusu, na zaidi ya sheria, hatakung'ata.

Hatua ya 6: Maumivu

"Ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Kila mzazi amewahi kulisema, na baadhi yetu tunalisema tukiwa na sindano mkononi. Liko katika orodha ya maneno ya kupiga marufuku wodini, pamoja na "haiumi". Inauma. Mwambie mtoto: "Itauma kidogo, mama amekushika, nikimaliza tutahesabu hadi kumi."

Usimlaze chali na kumkandamiza kwa watu wanne. Mweke mapajani kwa mama, kifua kwa kifua, miguu imemkumbatia kiunoni, mkono mmoja umetolewa pembeni kwa ajili yako. Mtoto mchanga anyonye kabla na wakati unachoma. Kunyonya kunapunguza maumivu kweli. Mzazi asiyeweza kutazama aruhusiwe kutoka, bila kuambiwa muoga, na ndugu mwingine ashike nafasi. Kazi ya mzazi ni kufariji. Kumbana mtoto asitikisike ni kazi ya mfanyakazi.

Hatua ya 7: Usiku, na haki ya kuita

Kila mlezi afundishwe dalili za kuita mara moja, na azitaje mwenyewe kabla giza halijaingia: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea sana au haamki, anapumua kwa shida, kifua kinabonyea, mikono na miguu imepoa, kanula imevimba. Kuhesabu pumzi si elimu ya chuo. Kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: pumzi 60 au zaidi kwa mchanga chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5. Akipata degedege, mlaze ubavu, usiweke kitu chochote mdomoni, ita.

Kisha ahadi upande wetu. Mzazi akiita, mtoto anaangaliwa. Akiita mara ya pili kwa jambo lilelile, mtoto anapimwa upya mapigo, pumzi, joto na oksijeni, na daktari anaarifiwa, hata kama nesi haoni tofauti. Si lazima awe na neno sahihi la kitabibu. "Huyu si mwanangu wa mchana" inatosha.

Uingereza walijifunza hili kwa gharama. Martha Mills, msichana wa miaka 13, alifariki London mwaka 2021 kwa sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, baada ya jeraha la kongosho alilopata kwa kuanguka na baiskeli. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao, na uchunguzi wa kisheria uliona kwamba kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi, yumkini angepona. Mwaka 2024 hospitali zaidi ya 100 za huko zikaanza kutumia utaratibu uliopewa jina lake, unaowapa wagonjwa na familia njia ya kuomba timu nyingine imwangalie mgonjwa anayezidiwa. Sisi hatuna timu ya pili saa nane usiku. Lakini namba ya daktari wa zamu na ya msimamizi wa usiku inaweza kuandikwa ukutani, mahali wazazi wanapoiona, na hiyo haihitaji bajeti.

Hatua ya 8: Anayeuguza naye ni mwili

Amekula? Amelala? Ana mtoto tumboni? Anatumia dawa zake mwenyewe, za presha au za kufubaza virusi, au ameziacha nyumbani? Uliza siku ya kwanza na kila siku ya tatu. Sahani ya mlezi ihesabiwe jikoni pale inapowezekana. Pasipowezekana, kina mama wakongwe wa wodi wanajua nani hajala, waulize wao.

Hao wakongwe ni hazina. Mama ambaye mwanawe ametoka kwenye mpira wa puani wiki iliyopita atamtuliza mgeni kuliko mimi na koti langu. Dakika 30 za kikao cha kina mama, mara mbili kwa wiki, nesi mmoja akisikiliza zaidi ya kusema. Mada waweke wao.

Habari ikiwa mbaya

Tafuta chumba, hata cha stoo, kiwe na viti. Uliza nani awepo. Usimpe mama peke yake habari kisha umwachie azibebe hadi kwa mume na wakwe. Mpigie simu yule wa ukurasa wa mbele aje. Sema neno lenyewe, "amefariki", si "hali imebadilika". Kisha nyamaza kwa muda unaoona ni mrefu mno. Mruhusu ambebe. Uliza taratibu za dini yao kabla ya kuugusa mwili. Na wazazi wa vitanda jirani, waliosikia kila kitu nyuma ya pazia, wanahitaji mtu wa kukaa nao pia usiku huo.

Hatua ya 9: Kuruhusiwa huanza siku ya kulazwa

Ruhusa ya ghafla saa tano asubuhi, dawa kwenye mfuko wa kaki, "rudi wiki mbili", ndiyo njia ya uhakika ya kumwona mtoto tena akiwa mahututi. Watoto waliokuwa na utapiamlo mkali au upungufu mkubwa wa damu hubaki hatarini kwa wiki na miezi baada ya kutoka. Kila siku ya kulazwa fundisha kitu kimoja cha nyumbani, ili siku ya mwisho iwe ya kuhakiki tu.

Chukua kuharisha. Mama anachanganya chumvichumvi ya ORS mbele yako, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Nyingi ni za lita 1. Ikibaki baada ya saa 24, anamwaga. Baada ya kila choo cha maji, aliye chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kwa vijiko, taratibu. Akitapika, asubiri dakika 10 kisha aendelee polepole zaidi. Zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 chini ya miezi 6, miligramu 20 kuanzia hapo. Hapa sisitiza: hata kuharisha kukikoma, zinki inaendelea. Kunyonya hakukomi.

Kwenye karatasi ya ruhusa andika kwa Kiswahili: ugonjwa, dawa na saa zake, dalili za kurudi haraka, tarehe ya kliniki ikiwa na jina la siku ya wiki. Msomee aliyekuja kumchukua, si mama peke yake. Nauli ya kurudi kliniki ipo? Kama haipo, kuna kituo cha afya gani karibu, na utawaandikia barua? Siku ya tatu piga simu. Maswali matatu tu: anakula, anakunywa dawa, kuna kilichokutia hofu?

Pa kuanzia

Usianze na yote haya Jumatatu. Wodi niliyowahi kufanya kazi ilianza na mabango kumi kwa mpigo, na baada ya mwezi yalikuwa yamefunikwa na tangazo la mkutano wa saccos. Chagua jambo moja. Mimi ningechagua dakika ya mama kwenye raundi, maana haina gharama na inaonekana na wote. Lifanye wiki mbili bila kuongeza kingine.

Wiki mbili zikiisha, pita kitanda hadi kitanda saa nne usiku. Muulize kila mlezi: mwanao anaumwa nini, anapewa dawa gani, ukimwona anabadilika unamwita nani? Andika wangapi wamejibu yote matatu. Namba hiyo ibandike kwenye chumba cha manesi, si ofisini kwa mganga mfawidhi, na baada ya wiki mbili nyingine pita tena.